Kazi Yako Itaingia Chumbani Bila Wewe

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo? Na ninyi mliokaa nyuma kabisa mkiendelea kutarizi chini ya meza, endeleeni tu, nimewaona.

Nimeombwa nizungumze juu ya kupeleka kazi ya tarizi ya mkono kwenye maonyesho yenye majaji. Aliyeniomba alininong'oneza kwamba watu wanataka siri. Siri sina. Nilichonacho ni miaka mingi ya kuizunguka ile meza: nimepeleka kazi zangu zikapimwa, nimekaa na majaji nikiandika wanachosema, kisha siku moja nami nikapewa kioo cha kukuzia nikaambiwa, haya, sema wewe. Katika viti hivyo vitatu, kilichonifunza zaidi ni cha katikati, cha mwandishi. Mwandishi hapimi wala hapimwi. Anasikiliza.

Niwaingize kwanza ndani ya chumba chenyewe, maana wengi hawajawahi kukiona. Mlango umefungwa, watazamaji bado. Kazi zimepangwa kwa makundi, na jina la kila mshiriki limefunikwa, inabaki namba peke yake. Jaji anapita. Kwanza anasimama hatua tatu nne mbali na kazi, anaitazama nzima. Anasogea. Anainama. Anaomba iinuliwe upande ili mwanga uipige kwa ubavu, kwa sababu mwanga wa ubavuni hufichua kila uvimbe na kila kunyanzi ambalo mwanga wa mbele hulisitiri. Halafu anaanza kusema, na mwandishi anaandika. Kwa kazi moja ni dakika chache tu. Namba inayofuata.

Mara yangu ya kwanza pale, kati ya kazi zilizokuwa mezani niliitambua moja. Ilikuwa ya rafiki yangu. Nilijua kwamba uzi wa kijani ulimwishia katikati ya jani, akanunua mwingine wa namba ileile, lakini uliotiwa rangi katika pipa jingine. Nilijua pia kwamba siku zile alikuwa anauguza mtu nyumbani, hakuwa na nafasi ya kufumua na kuanza upya. Mdomo uliniwasha! Lakini mwandishi hasemi. Jaji akatamka, "Kijani kimebadilika katikati ya jani," nami nikaandika: kijani kimebadilika katikati ya jani.

Yote nitakayowaambia leo yametoka pale. Kazi yako itaingia chumbani bila wewe. Maelezo yako, udhuru wako, usiku uliokesha, vyote vinabaki nje ya mlango. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, ila nimeona vyema vingi vikishindwa kujiuza kwa sababu wenyewe walizoea kuvisemea.

Mwenzetu mmoja ameniuliza pale mlangoni: mimi natarizi kwa raha yangu, kwa nini nijipeleke nikahukumiwe? Kama raha inakutosha, usiende, na wala sisemi hivyo kwa kejeli. Lakini macho ya watu wasiokujua yana kazi yake. Mwaka 1876 yalifanyika maonyesho makubwa ya kimataifa huko Philadelphia, Marekani. Miongoni mwa vilivyopelekwa ni tarizi za chuo cha London ambacho leo kinaitwa Royal School of Needlework, kilichoanzishwa mwaka 1872 ili kuufufua ufundi huo na kuwapa wanawake waliosoma lakini wasio na kipato kazi ya heshima. Mama mmoja, Candace Wheeler, aliyekuwa akikaribia miaka 50, aliziona kazi zile. Wengine waliona maua. Yeye aliona pia mshahara. Mwaka uliofuata alishiriki kuanzisha huko New York chama kilichoitwa Society of Decorative Art, ili wanawake wapate pa kuonyesha na kuuza kazi za mikono yao. Wale waliopiga sindano London hawakuwepo kumweleza neno. Vitambaa vilijieleza.

Haya, tuje kwenye karatasi, maana hapo ndipo watu wenye mikono ya dhahabu hujikwaa kabla hata jaji hajavaa miwani.

Mimi mwenyewe nilijikwaa. Kanuni zilitaja ukubwa usiozidi kipimo fulani kila upande. Nikapima kitambaa, kikatosha, nikafurahi. Wao walimaanisha pamoja na fremu, na fremu yangu ilikuwa nene kama kizingiti cha ghala. Kazi ilipokewa kwa adabu, ikatundikwa, ikawekewa kikaratasi kisemacho "ya kuonyeshwa tu". Tafsiri yake ni kwamba haikupimwa. Miezi saba ya sindano ilipotea kwa sababu ya sentensi moja niliyoisoma kwa haraka. Tangu siku hiyo nasoma kanuni mara tatu: kabla ya kuchagua mchoro, kabla ya kwenda kwa fundi wa fremu, na usiku wa kuamkia siku ya kupeleka. Mara ya pili ndiyo muhimu kuliko zote, maana fundi wa fremu hukuuliza rangi ya mbao, hakuulizi kanuni za maonyesho.

Kundi utakaloandika nalo lina mambo. Maonyesho mengi hutenganisha kazi uliyobuni mwenyewe, kazi uliyoigeuza kutoka kwa chanzo kingine, kazi iliyofuata chati ya mbunifu, yaani mchoro unaoonyesha kila mshono ukae wapi, na kazi iliyotoka kwenye seti ya dukani yenye kitambaa, nyuzi na maelekezo ndani ya mfuko mmoja. Hakuna aibu katika kundi lolote. Aibu ni kujipandisha. Ukichukua chati ya mtu ukabadilisha waridi jekundu likawa la zambarau, bado chati ni yake. Ukinakili picha aliyopiga mtu mwingine, si ubunifu wako kamili hata kama kila mshono ni wa mkono wako, na unahitaji idhini yake kabla hujaionyesha hadharani. Jina la mbunifu liandike kwenye fomu. Nimeona kazi nzuri sana ikiondolewa kwa sababu jaji aliitambua chati. Alikuwa ameishona mwenyewe miaka mitano nyuma.

Kuna pia ngazi: anayeanza, aliyekomaa, na anayelipwa. Neno "anayelipwa" kila maonyesho hulitafsiri kivyake. Kwingine ukishafundisha kwa malipo mara moja tu, tayari umo. Usikisie, waulize waandaaji. Waulize pia kama kazi inatakiwa iwe imekamilika ndani ya miaka fulani, kama haitakiwi kuwa imeshashindanishwa kwingine, na kama wanataka waya wa kutundikia au kulabu. Kazi iliyoshonwa na watu wawili iingie kwenye kundi la kazi za pamoja. Usiliache jina la dada yako nyumbani.

Soma vilevile namna wanavyopima. Ziko njia mbili kubwa. Kwenye moja, kazi zinashindana zenyewe kwa zenyewe: wa kwanza, wa pili, wa tatu, basi. Kwenye nyingine, inayoitwa mtindo wa Kidenmaki, kila kazi inapimwa dhidi ya kiwango kilichowekwa, haipimwi dhidi ya jirani yake, hivyo kazi kumi zinaweza zote kupata daraja la juu, au isipate hata moja. Ni tofauti kubwa kwa roho ya mshiriki. Niliwahi kumbembeleza mama aliyelia kwa kupewa daraja la pili, akidhani kuna mtu kamshinda. Hakukuwa na mshindi wa daraja la kwanza siku ile. Na kwa taarifa tu, utepe wa buluu ni wa mshindi wa kwanza kule Marekani, lakini ukivuka mpaka ukaingia Kanada, wa kwanza hupewa mwekundu. Usianze kulia kabla hujauliza rangi.

Sasa, upeleke kazi ipi? Wengi hujibu haraka: kubwa kuliko zote. Mimi nasema peleka ile uliyoimaliza ukiwa bado unaipenda. Kazi kubwa ina ugonjwa wake. Inaanza kwa mishono ya mtu mwenye hamu na kuishia kwa mishono ya mtu aliyechoka, na jaji anaiona njia yote hiyo kama mtu anayefuata nyayo mchangani. Joho la kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II lilitariziwa na mafundi 12 wa kile chuo cha London, kati ya Machi na Mei mwaka 1953, na lilikula zaidi ya saa 3,500. Watu 12, tena wenye mafunzo, kutwa nzima. Wewe uko peke yako, unashona baada ya watoto kulala, halafu unataka kufunika kitambaa cha mita moja na nusu kabla ya mwezi ujao?

Fanya hesabu ndogo. Tarizi kipande cha sentimita tano kwa tano kwa mishono ileile unayokusudia, angalia saa. Zidisha. Kisha ongeza theluthi, kwa ajili ya kufumua. Ukiona jibu limepita siku zilizobaki, punguza mchoro. Ua moja lililokaa sawasawa juu ya kitambaa chenye nafasi ya kupumua litalishinda bustani nzima iliyovurugika.

Nafasi ya kupumua naitaja makusudi. Jaji anapokuwa bado yuko hatua nne mbali, anatazama mpangilio na rangi, hajaufikia mshono. Macho yanaingilia wapi, yanatulia wapi, kuna kitu kinachoyasukuma nje ya fremu? Rangi zichagulieni mchana, karibu na dirisha. Rangi mbili zinazopatana chini ya taa ya manjano zinaweza kugombana zikifika kwenye ukumbi wenye taa nyeupe, na ukumbini hutakuwepo kuzipatanisha.

Halafu anainama, na hapo ndipo mikono inasomwa.

Kwenye mshono wa msalaba anatazama mguu wa juu. Miguu yote ya juu ilalie upande mmoja. Ukiwahi kugeuza kitambaa ukasahau, ile misalaba michache iliyolala kinyume inang'aa tofauti, hata asiyejua kushona anahisi kuna kitu hapo, ila hajui ni nini. Kwenye mshono wa kujazia, ule ambao nyuzi hulala sambamba kama nywele zilizochanwa, anatazama ukingo. Ukingo uwe umekatika kama kwa wembe. Dawa yake ni kuuzungushia mchoro mshono mwembamba kwanza, kisha kujazia juu yake, sindano ikitoka nje kidogo tu ya mstari ule. Kwenye mshono wa mnyororo, vipete viwe na ukubwa mmoja, na kwenye kona mnyororo usivutwe hadi ukageuka kamba. Vifundo vidogo, vile vya kuzungushia uzi kwenye sindano, viwe kama punje za mtama mmoja. Mkikosa kuvilinganisha, vipangeni ovyo makusudi, vikubwa kwa vidogo, kama kitovu cha ua. Jaji anajua kutofautisha ovyo ya makusudi na ovyo ya bahati mbaya. Mara nyingi.

Uzi wa pamba wa kutarizia mnaoujua huja na nyuzi ndogo sita zilizolazwa pamoja. Wengi huchomoa mbili, wakazitunga kwenye sindano kama zilivyotoka. Mwalimu wangu, bibi mmoja mkali mwenye kastabani ya shaba asiyoivua hata akinywa maji, alikuwa akitupiga jicho: chomoa mmoja mmoja, zilaze upya pamoja, ndipo utunge. Nilidhani ni ushamba wa kizamani. Siku niliyoshika kioo cha kukuzia nikaelewa. Nyuzi zilizotenganishwa hulala bapa na kuifunika nguo. Zisizotenganishwa husokotana, na kitambaa huchungulia katikati yake. Uzi wenyewe kata mfupi, usizidi urefu wa kutoka vidole hadi kiwiko. Kila unapopita kwenye kitambaa unasuguliwa, na mwisho wa uzi mrefu huwa na manyoya ambayo mwanzo wake haukuwa nayo.

Kuhusu usafi nawapa mfano mmoja tu. Lile vazi la harusi ya kifalme ya Uingereza la mwaka 2011, lenye maua ya lesi yaliyoshonwa kwa mkono: mafundi walikuwa wananawa mikono kila baada ya nusu saa na kubadilisha sindano kila baada ya saa tatu. Nikisikia mtu anasema sindano yake ana nayo tangu mwaka juzi, kichwa kinaniuma. Sindano iliyochoka inang'ang'ania kitambaa na kuacha tundu, na ile inayoanza kupata kutu inaacha doa ambalo sabuni haitakuja kulielewa.

Tufike kwenye upande wa nyuma, maana najua ndio mlioujia.

Nyani haoni kundule, na mtarizi naye akishatia fremu hataki kuona la kwake. Je, jaji anatazama nyuma? Inategemea. Kazi iliyofungwa ndani ya fremu, nyuma imefunikwa, hafunui. Kazi isiyo na fremu, kama kitambaa cha meza au mfuko, anageuza, na ana haki, kwa sababu mwenye kuitumia naye atageuza. Lakini hata kwenye fremu, nyuma hutokea mbele. Fundo ulilofunga nyuma linasimama kama kipele likishavutwa juu ya kadibodi, na mwanga wa ubavuni unalikuta. Uzi mweusi uliourusha kutoka petali hii hadi ile kwa uvivu wa kukata unaonekana kama mshipa chini ya kitambaa cheupe. Kwa hiyo anza kwa kuacha mkia, uufunike kwa mishono inayofuata. Maliza kwa kupitisha uzi chini ya mishono ya nyuma. Mahali penye uwazi, kata, anza upya.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Kule Suzhou, China, kuna tarizi ya pande mbili inayoshonwa juu ya hariri nyepesi sana, mbele na nyuma vyote vimekamilika, husimamishwa ndani ya kiunzi katikati ya chumba ili mtu aizunguke. Hapo nyuma haipo! Na mshono wa kwenda na kurudi, ule wa kuruka mwendo wa kwanza na kujaza mapengo mwendo wa pili, ukishonwa kwa makini unatoka sawasawa pande zote. Jaribuni hata alamisho ya kitabu. Utajifunza kuwaza mshono mmoja mbele kama mtu wa bao.

Ila sitaki mtu aondoke hapa akidhani nyuma ni kioo. Kile kitambaa cha Bayeux, Ufaransa, cha karne ya 11, chenye urefu wa karibu mita 70, ambacho watu wamezoea kukiita cha kufumwa ilhali ni tarizi ya sufu juu ya kitani, kilichunguzwa nyuma mwaka 1982 na 1983. Wataalamu walikuta nyuzi za nyuma, zilizokuwa hazipigwi na mwanga, zimehifadhi rangi kuliko za mbele. Na kwa kuufuata uzi ulikopita, waliweza kusoma namna kazi ilivyokwenda. Nyuma ni daftari la mtarizi. Liwe linasomeka, inatosha. Hakuna anayenyimwa utepe kwa sababu daftari lake si maridadi kama barua ya posa.

Kumalizia kazi ndiko kunakowamaliza wengi. Mtu ametarizi miezi sita, halafu anaosha, anapiga pasi na kutia fremu jioni moja, kesho yake anapeleka. Jamani! Wiki mbili za mwisho ni za kitambaa.

Kabla ya kuosha, jaribu rangi. Chukua kipande cha kila uzi uliotumia, kiloweshe, kikandamize kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu na rangi nyingine nzito ndizo zenye tabia ya kuhama. Nyekundu ikihama majini, usikikaushe kitambaa. Endelea kusuuza kwa maji baridi mengi mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu ikikauka imekaa. Alama za kalamu nazo zina ujanja. Wino ule unaofutika kwa maji, ukiupiga pasi kabla ya kuuosha, moto unaweza kuukaza ukabaki hapo maisha. Na ule unaofutika kwa joto unaweza kurudi baridi likizidi. Kazi imekaa kwenye buti la gari usiku wa baridi, asubuhi mistari yote imejirudia kama mdeni aliyepata fununu. Mimi yamenipata ya pasi. Nilikuwa na mstari wa buluu chini ya bawa la ndege, nikapitisha pasi, mstari ukawa wa milele. Nikaufunika kwa wingu. Jaji aliandika: "Wingu halina sababu."

Alisema kweli. Lilikuwa halina.

Pasi pigia nyuma, kazi ikiwa imelala kifudifudi juu ya taulo nene, ili mishono izame kwenye taulo isigandamizwe ikawa bapa. Alama ya duara la fremu ya kushonea ni dhambi inayosameheka nyumbani, si kwa jaji. Lilegeze kila unapoacha kushona, hata kama ni kwenda kupokea simu. Kisha kitambaa kivutwe juu ya kadibodi isiyo na asidi na kufungwa nyuma kwa uzi imara, mwendo wa huku na huku kama kamba za kiatu, kwanza upande mmoja kisha mwingine, kikazwe kidogo kidogo kuanzia katikati. Gundi iache kwa watu wa karatasi. Inazeeka, inageuka manjano, na inapenya. Ukiweka kioo, kisiguse nyuzi. Weka kipande cha kuvitenganisha. Mstari wa kitambaa uende sambamba na fremu, maana jicho la mtu huona kupinda kwa milimita mbili kabla halijaona ua.

Halafu kinyozi hajinyoi. Ukishamaliza, iweke chini siku tatu bila kuitazama, kisha mwite mtu asiyetarizi kabisa. Usimweleze chochote. Muulize jicho lake limekwenda wapi kwanza. Atakuonyesha kosa lako kwa kidole, bila hata kujua kwamba ni kosa. Chukua tochi, imulike kutoka ubavuni. Kama una mnyama wa ndani, pitisha kipande cha utepe wa kunata taratibu juu ya kitambaa na pembezoni kabla ya kufunga kioo, maana unyoya mmoja wa paka chini ya kioo umewahi kutajwa mbele yangu kwa sentensi nzima.

Kuna mdomo mmoja tu unaoruhusiwa kuingia nao chumbani: kile kisanduku kidogo cha maelezo kwenye fomu. Watu hukipoteza kwa kuomba radhi. "Hii ni kazi yangu ya kwanza, mnisamehe." "Sikupata muda wa kutosha." Jaji alikuwa hajaona kosa lolote, sasa anaanza kulitafuta. Andika mambo yanayomsaidia kusoma: kitambaa ni cha nini, nyuzi za nini, mishono gani, mchoro umetoka wapi, ni kipi ulikigeuza. Kama umepindisha kanuni ya ufundi kwa makusudi, hapo ndipo pa kusema. Yuko aliyeacha nyuzi zikining'inia upande wa chini wa kazi yake, akaandika mistari miwili kwamba ni mvua. Bila ile mistari miwili zingekuwa ni nyuzi zilizosahauliwa.

Na karatasi ya jaji ikirudi? Usiisome ukumbini. Wenzako wanakutazama, uso hauna pa kujificha. Ipeleke nyumbani, isome mara moja, iweke droo. Isome tena baada ya wiki, kazi ikiwa mbele yako. Mara ya kwanza utaona matusi, mara ya pili utaona sentimita. "Mvuto wa uzi haulingani kona ya kulia" ni mahali, unaweza kuweka kidole. Majaji wawili wakikupa maneno yanayopingana, nao wapo wa hivyo, tafuta kile walichokitaja wote wawili. Na ukiona hawakukubaliana na rangi zako, wewe bado unazipenda, zibaki. Rangi ni zako. Kona ya kulia si yako, hiyo kairekebishe.

Yule rafiki yangu wa jani la kijani alisoma karatasi yake, akanyamaza mwezi mzima. Sikumwambia kamwe kwamba mkono ulioandika ule mstari ulikuwa wangu. Mwaka uliofuata alileta kazi nyingine, na kila rangi alikuwa ameinunua kwa siku moja, ya kumtosha kazi nzima, akaziweka nyuzi kwenye boksi lenye namba. Nilikuwa mwandishi tena. Jaji alipofika kwenye yake alikaa kimya muda, akageuza, akarudisha, akasema, "Andika: majani ni ya mtu mmoja, siku moja." Nikaandika, ingawa nilijua yalimchukua wiki kumi na moja.

Nimesema mengi, na pale mezani naona wengine mmekuja na vitambaa vimekunjwa ndani ya mifuko. Vileteni. Taa iko hapa, na kioo cha kukuzia kipo. Msinieleze lolote, wekeni tu, kifudifudi, tuanze na nyuma.